Mhariri, tuandikieni habari za yule balozi aliyeomba ubalozi uhamishwe

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na kabla sijawa msomaji nilikuwa muuzaji, nilikuwa nauza magazeti hapo karibu na stesheni ya reli Nairobi tangu 1996 nikiwa kijana wa miaka 19, natandika gunia chini, napanga magazeti juu yake na kila rundo naliwekea jiwe yasipeperushwe na upepo wa mabasi. Barua kwa gazeti sijawahi kuandika hata siku moja, hii ndo ya kwanza, kwa hivo mnivumilie ikiwa ndefu.

Kila ikifika tarehe 7 Agosti mnatuletea ile habari ya bomu la 1998 lililolipua ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, na mnafanya vizuri, nawashukuru, manake kuna watoto wamezaliwa wamekua wameoa hawajui pale kwenye bustani ya kumbukumbu kulikuwa na nini. Lakini mnarudia picha zile zile, wakubwa wakiweka maua, hotuba mbili tatu, basi mpaka mwaka ujao. Kuna mtu mmoja kwa hio hadithi sijawahi kuona mkimpa ukurasa wake, nami naona anastahili, tena mngefanya hivo yeye mwenyewe akiwa bado hai.

Huyo mtu ni Prudence Bushnell, yule mama aliyekuwa balozi wa Marekani hapa kwetu kuanzia 1996 mpaka 1999.

Najua kuna watakaosema mimi mtoto wa Nairobi nahangaikia balozi wa Marekani wa nini. Hata mimi ningesema hivo zamani. Mwaka ule wa bomu nilikuwa na hasira na Wamarekani hasira ya kweli, sisi tulikuwa tunachimba vifusi vya Ufundi House, ile gorofa jirani ya ubalozi iliyoporomoka, kwa mikono, mwenye nyundo nyundo, mwenye karai karai, na upande wa pili tunaona askari wao wamezingira jengo lao na bunduki. Watu waliongea sana na magazeti yaliandika sana, kwamba hawa wanaangalia watu wao tu. Hio hasira nilikaa nayo miaka. Mpaka mpwa wangu aliposomea chuo akaniletea kwa simu mahojiano marefu ambayo huyu mama alifanya baada ya kustaafu, halafu mwaka wa 2018 akaandika kitabu kuhusu hio siku na yote yaliyotangulia, na nikakisoma pole pole na kamusi kando, na kuna mambo niliyoyasoma mle sikulala.

Kwanza mjue ametoka wapi. Amezaliwa 1946, baba yake naye alikuwa kwa hio kazi ya ubalozi, kwa hivo utoto wake ameupitia Ujerumani, Ufaransa, Pakistan, Iran, mtoto wa kufungasha sanduku kila baada ya miaka michache. Lakini hakuingia kwa kazi ya baba moja kwa moja, kwanza alikuwa akifundisha watu mambo ya uongozi na usimamizi, na wizara yao ya mambo ya nje aliingia 1981 akiwa tayari mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Akapelekwa India, Bombay ya wakati huo, baadaye akawa naibu wa balozi Dakar, Senegal. Mwaka wa 1993 akarudishwa Washington kuwa naibu kwa idara inayoshughulikia Afrika. Na hapo ndo mauaji ya kimbari ya Rwanda yakamkuta.

Hii sehemu ya Rwanda naomba msiipite haraka, manake bila hio huwezi kumwelewa huyu mtu wa Nairobi. Machi 1994, wiki chache tu kabla mambo hayajaharibika, alisafiri mpaka Kigali kumwambia rais wa Rwanda, Habyarimana, atekeleze ule mkataba wa amani wa Arusha. Tarehe 6 Aprili ndege ikatunguliwa, ndani yake marais wawili, Habyarimana na Ntaryamira wa Burundi. Jioni ile ile Bushnell akamwandikia bosi wake mkubwa, waziri Warren Christopher, kwamba ikithibitishwa hawa wawili wamekufa kuna uwezekano mkubwa wa umwagaji damu kwa nchi moja ama zote mbili. Siku ile ile, wala hakungoja kuona. Wamarekani wao wakatolewa kwa msafara wa magari mpaka Burundi wakafika salama, na baada ya hapo kule Washington Rwanda ikawa kama imekwisha, tarehe 21 Aprili Umoja wa Mataifa ukaamua kupunguza askari wake wabaki 270 tu, na Marekani ndo ilikuwa mstari wa mbele kutaka waondoke.

Sasa yeye alikuwa amebaki na nini mkononi? Simu. Nawaambia hapo niliposoma niliweka kitabu chini. Alikuwa anatega saa imwamshe saa nane usiku kwa saa za kwao, ndo asubuhi ya Kigali, anapiga simu kwa wale wakubwa wa jeshi, Kanali Bagosora, Jenerali Bizimungu, anawaambia acheni kuua, rais wa Marekani anawaona na mtawajibika. Na huyo Bizimungu anamjibu kwa Kifaransa kitamu kabisa, kwamba amefurahi sana kusikia kutoka kwake. Watu wanachinjwa nje na yeye anashukuru kwa simu! Alikuwa anawapigia na wa upande wa pili pia, Kagame naye alimpigia. Mama mmoja na simu usiku, nyuma yake serikali kubwa kuliko zote duniani imekaa kimya.

Kuna ile redio pia, RTLM, iliyokuwa ikitangaza mpaka majina ya watu wa kuuawa. Bushnell aliuliza kwa nini isizibwe mawimbi. Wakamwambia ni gharama, ile ndege ya kufanya hio kazi ni dola 8,500 kwa saa moja, na tena kuna sheria za uhuru wa matangazo. Ofisa mmoja wa wizara ya ulinzi akamwambia redio haiui, watu ndo wanaua. Mimi nimefanya kazi ya habari, hata kama ni kuuza tu barabarani, na najua neno lina nguvu gani. Asubuhi kichwa cha habari kikiwa kibaya nilikuwa naona watu wanabadilika sura mbele yangu kabla hata hawajatoa pesa. Dola 8,500 kwa saa, na waliokufa ni zaidi ya laki nane, Wanyarwanda wenyewe wanahesabu zaidi ya milioni. Bagosora na Bizimungu walikuja kuhukumiwa Arusha, hapo jirani, lakini hio ni miaka mingi baadaye.

Kwa hivo alipoletwa Nairobi 1996 alikuwa ni mtu ameshaona vile inakuwa ukionya na usisikizwe.

Wakati huo ubalozi wao mnaukumbuka, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, gorofa ya rangi ya kahawia imekaa karibu na barabara kabisa. Mimi nilikuwa napita hapo kila siku. Ungeweza kusimama kwa jam ndani ya matatu ukahesabu madirisha. Wao wenyewe Wamarekani, baada ya ubalozi wao kulipuliwa Beirut mwaka wa 1983, walijiwekea kanuni kwamba jengo la ubalozi likae mbali na barabara si chini ya futi 100. Hili la hapa halikuwa na umbali huo. Bushnell akaanza kuandika. Aliandika ripoti kwenda Washington kwamba hili jengo si salama, tuhamishwe, akajibiwa hakuna pesa. Akaandika tena. Jenerali Zinni aliyekuwa akisimamia majeshi yao upande huu naye alikuja akaona akasema hapa pana hatari, na bado. Mwaka ule wa 1998, miezi michache kabla, akaruka ngazi zote akamwandikia barua waziri mwenyewe, Madeleine Albright. Mtu anayejua kazi ya serikali anaelewa kumwandikia waziri moja kwa moja ukiruka wakubwa wako ni kujiweka pabaya. Kuna waliomwona ni msumbufu. Na hapo kumbuka mwaka mmoja nyuma, Agosti 1997, makachero wao walikuwa wameshapekua nyumba ya Wadih el-Hage hapa Nairobi, yule aliyekuwa katibu wa Osama bin Laden, mkuu wa al-Qaeda, kwa hivo walikuwa wanajua kuna kikundi hapa mjini. Na bado jibu ni lile lile, hakuna pesa.

Halafu ile Ijumaa.

Niseme yangu kidogo. Kulikuwa na msichana mmoja anasomea ukarani pale Ufundi House, chuo kilikuwa mle ndani, kila asubuhi anasimama anasoma vichwa vya habari bila kununua, ila Ijumaa ananunua, anasema ni ya kupelekea babake nyumbani. Siku hio akanunua mapema, akanipa noti kubwa, sikuwa na chenji, nikamwambia utachukua ukitoka. Saa nne na nusu hivi nikavuka upande wa nyuma kutafuta hio chenji kwa kibanda cha chai. Ndo nikasikia kishindo cha kwanza, kidogo, kama tairi limepasuka. Nikaona watu wanatokeza madirishani huku juu, Cooperative House, kila gorofa vichwa vinatoka kuangalia ni nini. Hio ilikuwa guruneti, na wale watu wangebaki wamekaa kwa viti vyao wengi wangekuwa na macho yao leo. Halafu likaja lile lenyewe.

Nilirudi kwa gunia langu mawe yakiwa bado yako juu ya magazeti, sijui vipi. Basi lililokuwa limejaa abiria liko pale linawaka. Magazeti yangu yote yaliyobaki niliyatandaza juu ya watu, moja moja, nakala kama 60, nikaishiwa. Yule msichana sikumwona tena na chenji yake ninayo mpaka leo, shilingi 180. Wiki iliyofuata jamaa aliyekuwa akinipa magazeti alitaka pesa zake za nakala zote na nilimlipa kidogo kidogo mpaka Oktoba. Simlaumu sana, kila mtu alikuwa amechanganyikiwa.

Kumbe wakati huo wote Bushnell hakuwa kwa ubalozi wake. Alikuwa hapo hapo jirani, Cooperative House, gorofa za juu kabisa, kwa mkutano na waziri wetu wa biashara Joseph Kamotho. Kile kishindo cha kwanza kikalia, kila mtu kwa chumba akainuka kwenda dirishani, yeye akawa wa mwisho kuinuka. Alikuwa ametembea hatua chache tu. Akarushwa nyuma, akapoteza fahamu kidogo, alipozinduka alikuwa na hakika jengo linaanguka naye anakufa. Akashuka ngazi zile zote na Wakenya wengine, msongamano, moshi, damu kwa vyuma vya kushikilia, damu yake na ya watu wengine, na anasema alikuwa anajipa moyo kwamba akifika chini ataenda kliniki ya ubalozi atibiwe. Akafika chini akainua macho, hakuna ubalozi tena, ni mifupa ya jengo.

Watu 213 hapa Nairobi. Wamarekani ni 12. Ndani ya ubalozi wenyewe walikufa 44, yaani hao 12 na wafanyakazi wenzao 32 wa hapa hapa kwetu. Dar es Salaam nako karibu saa ile ile wakafa 11, hakuna Mmarekani hata mmoja. Waliojeruhiwa hapa ni kama 5,000. Na yule mama aliyekuwa akiongea na waokoaji chini ya vifusi siku kadhaa, tukimsubiri mji mzima, akakata roho kabla hawajamfikia, huyo mpaka leo nikisikia jengo limeporomoka mahali namfikiria.

Albright alikuja tarehe 18 Agosti, masaa machache, akaondoka. Tume yao chini ya Admirali mstaafu William Crowe ikatoa ripoti Januari 1999, ikasema hakuna mfanyakazi mmoja wa kulaumiwa kwa kuvunja wajibu wake, ni kushindwa kwa pamoja kwa serikali zao kadhaa kwa miaka kumi iliyopita. Na ripoti yenyewe inakiri kwamba balozi alikuwa ameandika mara kwa mara. Mnaona hapo? Imeandikwa kwa karatasi ya serikali yao wenyewe kwamba aliwaambia. Ikasema pia zitafutwe dola bilioni 1.4 kila mwaka kwa miaka 10 wajenge balozi salama. Pesa ambazo hazikuwepo zikaanza kupatikana. 2003 wakahamia Gigiri, ukuta, geti, umbali wa kutosha, kila kitu alichokuwa akiomba.

Yeye mwaka wa 1999 akapelekwa Guatemala kuwa balozi mpaka 2002, akarudi kufundisha uongozi kwa chuo chao cha wanadiplomasia, akastaafu 2005, baadaye akaanzisha mafunzo ya uongozi kwa vijana wa chuo cha Hamilton kule jimbo la New York. Hajakaa kimya. Amezunguka akiongea juu ya Nairobi na juu ya Rwanda, anasema wazi wazi walikosea wapi, na anawataja Wakenya, si wenzake tu.

Sisemi ni malaika. Kuna swali ninalo na ningekutana naye ningemuuliza uso kwa uso: zile barua zote zilikuwa za kuokoa watu wa ubalozi, ni haki yake ndo kazi aliyopewa, lakini je kuna mtu upande wa serikali yetu aliambiwa kwamba hapo katikati ya mji kuna shabaha, na karibu yake kuna chuo cha wasichana, kuna benki, kuna stendi ya mabasi? Yule msichana wa Ijumaa nani alimwandikia barua? Hili swali ni la kwetu pia, serikali yetu ilikuwa na macho. Sijaona likijibiwa mahali.

Na lingine. Sudan, iliyodaiwa kuwasaidia walipuaji, ilipolipa zile dola milioni 335 ili kesi za Marekani zifungwe, waliopata ni Wamarekani na waliokuwa wameajiriwa na ubalozi na familia zao. Wa Ufundi House, wa Cooperative House, wa lile basi, wapita njia, wao hawakuwemo. Seneti yetu ilishaunda kamati, tumeenda tumetoa ushahidi, wengine kwa magongo, wengine wameshikwa mkono. Nawaomba mlifuate hilo pia lisiachwe liote nyasi, lakini leo ombi langu ni hili la huyu balozi.

Manake hapa Kenya pia tuna mabosi wanaoandikiwa wakanyamaza. Daraja lina ufa mtu ameandika, gorofa inajengwa na chuma kidogo mtu ameandika, bwawa limejaa mtu ameandika. Barua inakaa kwa droo. Ningetaka watu wetu walio kwa ofisi, yule karani mdogo, yule injinia wa kaunti, wasome kwamba kuna mtu mwenye cheo kikubwa hivo aliandika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaonekana msumbufu, na hakuacha. Wasome pia kwamba Rwanda ilikuwa imemfundisha. Mimi hilo ndo limenishika zaidi, kwamba mtu aliyepuuzwa 1994 kwa jambo la kuua watu laki nane hakusema basi haina haja, alifika Nairobi akachukua kalamu tena.

Kwa hivo Mhariri, Agosti ikifika, punguzeni picha moja ya maua mtupe ukurasa mzima wa huyu mama kwa Kiswahili, si kipande cha pembeni. Mtafuteni mumhoji. Watoto wa shule wanaopelekwa pale bustani wanasoma majina ukutani, wakitoka wapate na hio ya kusoma kwenye basi wakirudi.

Nakala kumi nitalipia mwenyewe. Kwa kikundi chetu cha waathiriwa kuna mama mmoja alikuwa gorofa ya katikati Cooperative House, alisikia guruneti akakimbia dirishani kama kila mtu, akapoteza macho yote mawili. Nilipomwambia balozi alikuwa juu yake kwa jengo lile lile alinyamaza kidogo akaniuliza, yeye alikuwa ameenda dirishani? Nikamwambia hapana, alichelewa kuinuka. Akasema nimletee habari zake zote asomewe na bintiye, kuanzia mwanzo.

Msomaji wenu,
Nairobi